Muulize Kwanza Aliona Nini



Karibu na Komakoma, hapa Mwananyamala, kuna kijiwe cha madereva bajaji. Kina benchi moja la mbao na redio ndogo, na ng'ambo ya barabara mama mmoja anakaanga chipsi. Jioni moja hivi karibuni nilipita hapo nikitoka kumwona mgonjwa katika Hospitali ya Mwananyamala, nikakuta kicheko. Kijana mmoja, mwimbaji wa kwaya yetu, alikuwa amesimama katikati ya wenzake akiwaambia kwamba ameona taa angani: taa nyingi zilizofuatana mstari mmoja kama mabehewa ya treni, zikapita kimya juu ya nyumba, kisha zikapotea moja baada ya nyingine.

"Oya, leo umevuta nini?" mmoja akamuuliza. Mwingine akasema hiyo ni njaa ya kushinda juani. Mzee aliyekuwa akisubiri chipsi akatikisa kichwa, akasema hizo ni dalili za siku za mwisho, watu watubu. Wa nne, simu ikiwa mkononi, akatangaza kwa uhakika kabisa kwamba ni ndege za kivita za taifa kubwa.

Angalia, mpendwa. Katika dakika chache kijana yule alikwisha kufanywa mvuta bangi, mwenye njaa, nabii na shahidi wa vita. Hakuna aliyemuuliza aliona nini.

Aliponiona akanyamaza. "Shikamoo, Baba Mchungaji," akasema, akaanza kuelekea kwenye bajaji yake. Nikaitikia marahaba, nikamwomba anipeleke pale alipokuwa amesimama. Hatukwenda mbali. Nikamuuliza alikuwa ameelekea wapi. Akanyoosha mkono: zilitoka upande wa Magomeni zikaelekea Msasani. Saa ngapi? Kati ya adhana ya magharibi na ya isha, giza ndiyo lilikuwa linaingia. Zilikuwa na sauti? Hapana. Zilikuwa zinawaka na kuzima? Hapana, mwanga wake ulitulia. Zilichukua muda gani? Kama dakika mbili tatu. Zilikuwa ngapi?

Hapo akafikiri. "Hamsini, labda."

"Ulizihesabu?"

"Sikuhesabu, Baba."

"Basi tuseme hukuhesabu. Hilo nalo ni jibu."

Akacheka, lakini safari hii hakuna aliyekuwa anamcheka.

Maswali ya namna hii hayahitaji shahada. Yanahitaji subira, na kujua kidogo jinsi macho yetu yanavyofanya kazi. Mtu anayetazama nuru usiku hawezi kujua iko mbali kiasi gani, kwa sababu hajui ukubwa wake. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huonekana sawa. Ukiikazia macho nyota moja gizani kwa muda mrefu, utaiona kama inacheza, kumbe ni macho yako. Kwa hiyo mchunguzi makini hamuulizi shahidi kama kitu kilikuwa kikubwa kuliko basi au nyumba. Humwambia anyooshe mkono, apime kwa vidole. Kidole kidogo cha mkono ulionyooshwa kinatosha kuufunika mwezi mzima.

Kisha huangalia vile vinavyopita juu yetu kila siku. Ndege inayokwenda Uwanja wa Julius Nyerere ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe zinazomweka. Kimondo hupita kwa sekunde chache tu. Zuhura, katika majira yake, hung'aa sana upande wa magharibi, lakini haikimbii, huzama polepole. Setilaiti hupita kwa dakika kadhaa bila kumweka, kwa sababu inaakisi nuru ya jua ambalo kwetu sisi limekwisha kuzama. Ikiingia katika kivuli cha dunia, hupotea angani ukiwa bado unaitazama.

Maelezo ya kijana wetu yanafanana sana na jambo ambalo limewashangaza watu dunia nzima tangu Mei 2019, pale kampuni ya SpaceX ya Marekani iliporusha fungu la kwanza la setilaiti zake za Starlink, 60 kwa mara moja. Ni zile zinazopeleka intaneti kutoka angani. Siku chache za mwanzo baada ya kurushwa huwa zinafuatana kwa karibu, mstari mmoja, kabla ya kupanda juu zaidi na kutawanyika. Kijana hakuwa amevuta kitu, wala hakuwa amepewa unabii. Aliona vizuri na akasimulia vizuri. Kilichokosekana pale kijiweni ni mtu wa kumsikiliza.

Hili ndilo ninalotaka tulitafakari wiki hii. Alichokiona mtu ni kitu kimoja. Jina analokipa, au jina tunalompa yeye kwa sababu amesema, ni kitu kingine. Anayependa huvitenganisha viwili hivyo kwa upole. Hamwiti mwenzake mwongo kwa sababu tu hajaelewa anachoambiwa, na hambebeshi mwenzake maana ambayo hakuisema. Je, lini mara ya mwisho mtu alikusikiliza hivyo? Na lini wewe ulimsikiliza mwingine hivyo?

Maandiko yanatupa mfano wa ajabu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18. Kilio juu ya Sodoma kimemfikia Mungu, naye anamwambia Ibrahimu kwamba atashuka aone kama mambo ni kweli kama kilio kinavyosema. Na kama sivyo, atajua. Simama hapo kidogo. Yeye ajuaye yote, asiyehitaji shahidi wala ramani, anasema atashuka aone kabla ya kuhukumu. Ikiwa Mungu haoni haya kwenda mahali penyewe, sisi tunaharakia wapi?

Wapo wanadamu waliojifunza mwendo huo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, wanakijiji wa Ulaya waliosema kwamba mawe huanguka kutoka angani walichekwa na wasomi. Mwaka 1768 jiwe lilianguka Lucé, Ufaransa, mbele ya watu. Wanasayansi wa Paris, akiwemo Lavoisier aliyekuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya zama zake, walilichunguza wakahitimisha kwamba ni jiwe la kawaida tu la ardhini lililopigwa na radi. Maneno ya wakulima hayakuhesabiwa. Halafu tarehe 26 Aprili 1803 mawe kwa maelfu yakaanguka karibu na mji wa L'Aigle, na serikali ikamtuma kijana mmoja msomi, Jean-Baptiste Biot, aende akachunguze. Biot hakukaa ofisini kusubiri barua. Alizunguka kijiji hadi kijiji, akawauliza watu wa kila hali, wasiofahamiana na wasio na faida ya kupatana maneno: walisikia nini, kutoka upande gani, mawe yalilala wapi. Aliporudi na taarifa yake, wasomi wakakubali kwamba wanakijiji walikuwa wanasema kweli muda wote huo.

Sisi Watanzania tuna sababu ndogo zaidi ya kumcheka anayesema kitu kimeshuka kutoka juu. Pale Mbozi, mkoani Songwe, kimelala kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Anayetaka anaweza kwenda kukigusa.

Mpendwa, mara nyingi tunadhani imani ni kukubali haraka na hekima ni kukataa haraka. Nadhani zote mbili zinaweza kuwa uvivu. Anayekubali kila kitu hajajisumbua kumsikiliza mtu, na anayekataa kila kitu naye hajajisumbua. Biot alijisumbua. Alipoteza muda wake kwa ajili ya watu wadogo, na nyuma ya usomi na vitabu vyake naona jambo ambalo Biblia ingeliita upendo.

Habari ya pili, baada ya hiyo ya Biot, iko karibu zaidi nasi. Tarehe 30 Desemba 2024, majira ya alasiri, wakazi wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, walisikia kishindo. Wakakuta pete kubwa ya chuma imeanguka, ingali ya moto. Ilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi. Jiulize wewe ungefanya nini ukikuta kitu kama hicho karibu na shamba lako siku moja kabla ya mkesha wa mwaka mpya. Wao waliwaita viongozi wao na polisi, eneo likalindwa, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likafika kuichukua. Siku ya Mwaka Mpya shirika hilo likatoa tamko: kwa uchunguzi wa awali, kitu hicho ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi, aina ya vifaa ambavyo kwa kawaida huungua vikirudi katika angahewa ya dunia au huangukia mahali pasipo watu, kama baharini. Likawapongeza wanakijiji kwa kutoa taarifa mapema.

Lakini uchunguzi ulipokuwa unaendelea, uvumi haukusubiri. Ikaandikwa kwamba nchi fulani ndiyo yenye pete na kwamba Kenya imekwisha kudai fidia. Shirika likalazimika kujitokeza tena kukanusha na kusema kwamba bado halijafikia hitimisho hilo. Ni kweli upo Mkataba wa mwaka 1972 unaoitaka nchi iliyorusha chombo kulipia madhara yake yakitokea ardhini, kwa hiyo swali la mwenye pete lilikuwa swali la haki. Ila haki haiwezi kuanza na jina la kubahatisha. Wanakijiji walisema walichoona. Walio mbali, wasioona kitu, ndio waliojaza majina.

Je, si hivyo pia katika mitaa yetu? Aliyeshuhudia husema maneno machache. Habari hunenepa kwa wale ambao hawakuwepo.

Habari ya tatu naisimulia kwa sauti ya chini, kwa sababu ndani yake yamo machozi. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yalimwagika juu ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kijijiwe kimoja cha gramu 3.6 kilipita kwenye majani ya mgomba kikamgonga mvulana kichwani, hakuumia. Wachunguzi wa Uganda na wenzao kutoka Uholanzi walizunguka wakiwauliza watu na kupima mahali kila jiwe lilipoangukia, hata wakaweza kuchora njia ambayo kimondo kilipita angani. Katika kazi hiyo walikuta jambo jingine: wapo watu waliosaga mawe hayo wakayatumia kama dawa, wakiamini kwamba Mungu ameyatuma kuponya UKIMWI.

Ni rahisi kutabasamu ukisoma hayo leo. Lakini kumbuka mwaka huo. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Kulikuwa na nyumba ambamo vijana walikuwa wakizikwa na wazazi wao, na bibi wakibaki na wajukuu. Katika nyumba kama hiyo, mawe yanaposhuka kutoka mbinguni, mtu angeyaita nini? Hawakuwa wamekosea kuona. Mawe yalianguka kweli, na yalitoka juu kweli. Jina la dawa lilitoka katika maumivu yao. Ndiyo sababu nasema tusimcheke mtu kwa jina analolitoa. Kumwambia kwa upendo kwamba jiwe haliponyi ni wajibu wetu, maana ukweli ni sehemu ya upendo. Lakini anayelisema hilo bila kuuliza nyumbani kwa mwenzake kuna mgonjwa nani, amesahihisha maneno na kumwacha mtu.

Ukisikia jirani akisema jambo ambalo kwako halina maana, je, unaweza kujiuliza ni maumivu gani yaliyolisema?

Zipo pia habari ambazo zikishachunguzwa hubaki bila jibu. Mwezi Februari 1951 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa ilikuwa angani asubuhi, na rubani wake, Kapteni Jack Bicknell, pamoja na mhudumu wa redio na abiria, wakaona juu ya Kilimanjaro kitu chenye umbo la risasi, rangi ya fedha iliyofifia. Hawakuwa watu wa kutishwa na wingu. Kwa rubani na mhudumu wake, kuitazama anga ilikuwa ndiyo kazi yao. Walieleza umbo, rangi na mahali. Hadi leo halijapatikana jibu ambalo wote wamelikubali. Jeshi la Anga la Marekani nalo lilipofunga uchunguzi wake wa miaka mingi mwaka 1969, lilikuwa limekusanya taarifa 12,618 za watu walioona vitu angani. Nyingi zilipata maelezo: nyota, ndege, maputo, vimondo. Taarifa 701 zilibaki bila kutambuliwa. Kubaki bila kutambuliwa hakumaanishi wageni kutoka sayari nyingine, wala hakumaanishi uongo. Kunamaanisha bado haijulikani.

Kuna uaminifu katika kukaa na neno "bado". Injili ya Yohana, sura ya 9, inatusimulia juu ya kipofu aliyeponywa. Wakubwa walimhoji mara mbili, wakamtaka akubali jina walilokwisha kumpa Yesu: mwenye dhambi. Yeye akakataa kusema zaidi ya anachojua. Kama Yesu ni mwenye dhambi, alisema hajui. Analojua ni moja, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Walimtukana na kumfukuza, lakini hakukana alichokijua. Ninamwona kuwa miongoni mwa mashahidi bora katika Biblia nzima. Na tazama mwisho wake: Yesu aliposikia kwamba wamemfukuza, alimtafuta. Shahidi mwaminifu aliyekataliwa na watu hakuachwa peke yake.

Sasa, mpendwa, tushushe macho kutoka angani tutazame Mwananyamala yetu.

Nyumba zetu zimesogeleana. Ukikohoa Msisiri, jirani anakupa pole kupitia dirishani. Ni baraka, na ni jaribu pia. Inatokea habari: mke wa fulani ameonekana saa nne usiku akishuka kwenye gari la mwanamume pale Kwa Kopa. Hebu tuifanyie habari hii kama tulivyofanya kwa zile taa. Kilichoonekana ni nini? Mwanamke ameshuka kwenye gari. Basi. Mengine yote tumeyaongeza wenyewe. Huenda ni muuguzi ametoka zamu, mwenzake wa kazini akampa lifti. Huenda amempeleka mtoto hospitali. Huenda pia ndoa ile ina kidonda kweli, na inahitaji watu wawili wa kuiombea na wala si kundi zima la WhatsApp. Tunasema lisemwalo lipo, na wakati mwingine tunaigeuza methali hiyo kuwa hati ya kumkamata mtu. Lisemwalo huenda lipo kweli, lakini je, tunajua ni kipi hasa kilichopo?

Bwana wetu alituonyesha njia fupi kuliko zote katika Mathayo 18: ukiwa na jambo na ndugu yako, mwendee, ninyi wawili peke yenu. Torati nayo ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kuthibitika. Katika maagizo hayo mawili naona huruma moja. Mungu analinda jina la mtu, kwa sababu anajua kwamba jina likishavunjwa mtaani halirudi kwa urahisi.

Naomba uniruhusu niseme jambo moja zito zaidi. Wapo mashahidi wadogo katika nyumba zetu. Mtoto anakuja anasema ameona kitu, anaogopa mtu fulani, au hataki tena kwenda nyumba fulani. Tukizoea kuwacheka watu kwa mambo ya angani, mtoto anasikia. Anajifunza kwamba katika nyumba hii anayesema jambo la ajabu huchekwa. Siku akipatwa na jambo la kutisha kweli, atalimeza. Kwa hiyo mtoto akikuambia, kaa chini, macho yenu yawe sawa. Muulize nini kilitokea, kisha nyamaza. Usimlishe maneno, usimtishe, usimlazimishe kurudia mbele ya ukoo mzima. Kama alichosema ni cha kuumizwa, usikimalize kwa kikao cha familia. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga namba 116, simu ya kuwasaidia watoto. Kumsikiliza mtoto ni ibada.

Na vipi kama sisi ndio tuliocheka? Au vipi kama ndio tuliochekwa? Asubuhi ile ya ufufuo, wanawake walirudi kutoka kaburini na habari ambayo haikuwahi kusikika. Luka anatuambia kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuuzi. Hawa ndio viongozi wa kanisa la kesho, nao walishindwa kuwaamini dada zao waliotembea pamoja nao tangu Galilaya. Petro alifanya jambo moja jema: aliinuka, akakimbia kwenda kuangalia. Tomaso naye, siku chache baadaye, alitaka kuona na kugusa, na Yesu hakumfukuza kwa kutaka hivyo. Alimwonyesha mikono yake.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kitu kidogo kilicho mwanzoni mwa Matendo ya Mitume. Baada ya Yesu kupaa, wanafunzi wako ghorofani Yerusalemu, wanadumu katika kusali, na wanawake wapo pamoja nao. Waliodharauliwa na waliodharau wako chumba kimoja, wanaomba sala moja. Hatuambiwi nani aliomba msamaha, wala walisemezana nini. Tunaona matunda tu: hakuna aliyehama, hakuna aliyenuna pembeni akisema, "Si niliwaambia?" Wanawake wale walikuwa na haki ya kusema hivyo. Hawakuitumia. Kanisa lilizaliwa katika chumba ambamo watu walikuwa wamekwisha kusameheana.

Kama wewe ulichekwa, mpendwa, kwa jambo uliloliona kweli, najua inauma. Inauma zaidi ukigundua kwamba waliokucheka ni watu wa nyumbani mwako au wa kwaya yako. Usijifunge mdomo kwa hasira, na usisubiri siku ya kuwaaibisha. Endelea kusema kweli kwa kiasi unachokijua, kama yule aliyekuwa kipofu, na ubaki chumbani pamoja nao. Msamaha wako utafungua masikio yao kuliko ushindi wako.

Na kama ni wewe uliyecheka, njia iko wazi na si ndefu. Yule kijana wa kijiweni hakuhitaji hotuba kutoka kwa wenzake. Kesho yake mmoja wao alimsogelea akamwambia, "Mwanangu, hebu niambie tena zile taa," akamsikiliza mpaka mwisho. Hayo yalitosha.

Uaminifu wa kila siku mara nyingi ni mambo ya kiasi hicho: kuuliza kabla ya kutangaza, kwenda mahali kabla ya kuhukumu, kusema "sijui" bila aibu, kufuta ujumbe ambao huna hakika nao badala ya kuusambaza. Hakuna atakayekupigia makofi kwa ujumbe ambao hukuutuma. Baba yako aonaye sirini anajua.

Wiki hii mtu atakuletea habari. Huenda ni ya angani, huenda ni ya jirani, huenda ni ya moyo wake mwenyewe. Kabla hujampa jina, muulize: uliona nini? Ulikuwa umesimama wapi? Nani mwingine alikuwepo? Kisha msikilize mpaka amalize. Na kama wakati unasoma haya limekujia jina la mtu uliyewahi kumcheka au kumsema kwa jambo ambalo hukulichunguza, usisubiri mpaka upate maneno mazuri. Mwendee kabla ya Jumapili, mwombe msamaha, na umwombe akusimulie upya.